Baba Amehamishwa Lodwar

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa, na Kakuma nzima imekumbuka leo asubuhi kwamba watoto hukua. Walikuwa na likizo nzima ya kuleta sketi zishushwe pindo, lakini hapana, wamesubiri mpaka kengele ilie. Nimeshona hadi mguu ukafa ganzi kwenye cherehani. Apajok, jirani yangu wa kibanda, anayedarizi mashuka ya maua wanayoyapenda watu wa Sudan Kusini, alikuwa ananicheka huku akinywa chai yangu.

Si hilo lililonifanya niandike. Jana kaka yangu Wandera alinipigia simu kutoka Lodwar. Alinisalimia kwa adabu mno nikajua kuna jambo. "Dada, ile kesi imeisha. Mimi na Rael si mume na mke tena." Alisema kama mtu anayesema gari limeharibika. Nilijua walikuwa wamefika kortini, lakini nilidhani watazunguka, watachoka, kisha watarudiana kama watu wengine.

Halafu akaniomba ninyamaze. Watoto hawajui kitu. Tangu Januari alipotoka nyumbani, wameambiwa kwamba Baba amehamishwa Lodwar kikazi. Na nani Turkana atashangaa? Hapa kila mfanyakazi wa serikali ana nyumba kule na kitanda huku. Mwalimu wa hisabati familia yake iko Kisii, daktari wa mifugo watoto wake wako Nyeri. Wandera anataka tuendelee hivyo hivyo hadi Mike afanye mtihani wa kidato cha nne mwaka ujao. "Tusimvuruge kijana," alisema.

Nilikubali. Ni kaka yangu, na isitoshe nina hasira na wifi yangu. Tangu Rael afungue duka la taa za sola kule Kalobeyei, amekuwa mtu wa kutazama saa ukiongea naye. Mume anarudi kazini anakuta kufuli mlangoni. Sasa matokeo ndiyo haya. Mimi nasema tu.

Jumatano, 30 Aprili

Watoto hupitia kwangu baada ya shule, maana mama yao hufunga duka jioni. Mike ana miaka kumi na sita na anakula kama wanaume watatu. Jebet ana kumi na tatu na anaongea kwa niaba ya wote wawili. Leo aliuliza, "Senge, Baba atakuja Jumamosi?" Senge ni mimi, ndivyo sisi wa Busia tunavyomwita shangazi. Nikamwambia atakuja, nikaongeza mchuzi.

Jumamosi, 3 Mei

Hakuja. Mvua imepiga milimani upande wa Uganda na mto Tarach, ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu, umeshuka na miti na mbuzi. Maji yamepita juu ya barabara. Sikuwahi kushukuru mafuriko maishani mwangu, leo nimeshukuru.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Hakuja.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua tena. Jebet amejifunza kunitangulia. "Ni maji, si ndio?" Nikasema ndiyo. Baadaye nilimpigia Wandera nikamwambia barabara imekuwa wazi tangu saa nne, nimeona malori. Akasema, "Sylvia, nikija nitakaa wapi? Kwenye kiti changu kama mgeni?" Nilimwonea huruma. Halafu nikamwangalia Jebet akichezea vifungo vya shati la mteja, na huruma ikagawanyika.

Jumanne, 20 Mei

Nimekata kitambaa cha mtu upande usiofaa. Akili haiko.

Alhamisi, 22 Mei

Shule wamenipigia simu. Mike amempiga mwenzake, mzazi afike. Rael simu haipatikani, Wandera yuko Nariokotome kikazi, kwenye pampu ya maji. Nikafunga kibanda nikaenda, bado nina tepu shingoni.

Ofisini alikuwa naibu mkuu wa shule, Mwalimu Njenga, mtu mpole mwenye sauti ya kuchoka. Mike amesimama upande huu, na upande ule mvulana mrefu wa kambi ya wakimbizi anayeitwa Lam, mdomo umevimba. Nikauliza kisa. Mwalimu akasema Lam ameeneza uvumi kuhusu familia ya mwenzake.

"Uvumi gani?" nikauliza, nami nilishajua.

Lam aliangalia chini. "Nilisema wazazi yake waliachana. Watu ya soko wote wanasema."

"Ona!" Mike alipaza sauti ikakatika katikati, kama sauti za vijana wa umri wake. "Senge, waambie. Waambie Baba alihamishwa."

Wote wakanigeukia. Nilimtazama mtoto wa kaka yangu, vidole vimechubuka kwa kuutetea uongo ambao mimi naujua ni uongo. Ningeweza kuomba tutoke nje. Ningeweza kusema hayo ni mambo ya wazazi wenyewe. Badala yake nikasema, "Ndiyo, Mwalimu. Alihamishwa."

Basi Lam akaamriwa aombe msamaha. Alisema "samahani" kwa sauti ndogo, akampa Mike mkono. Mike akaupokea kwa heshima, kifua mbele. Adhabu ya kupigana akapewa Mike, kuteka maji ya jikoni wiki nzima, na aliipokea akitabasamu. Njiani alinishika bega, amenipita urefu siku hizi. "Asante, Senge." Nilitamani ardhi ya Kakuma ifunguke.

Nilimsimulia Apajok nikitegemea angalau pole. Hakuacha hata kudarizi. "Lam ni mtoto ya jirani yangu. Yeye hapana sema uongo. Wewe ndio nasema uongo."

"Wewe unajua?"

"Mimi najua. Mama ya makaa najua. Watu ya bodaboda najua. Nani hapana jua? Hawa watoto wawili peke yake." Akakata uzi kwa meno. "Khalas."

Jumamosi, 31 Mei

Jua kali. Barabara kavu. Leo sina maji ya kusingizia. Nimesema Baba ana mkutano.

Rael amewaletea watoto samaki mkavu tena, kama kila wiki, eti Baba amewatumia kutoka Lodwar. Jebet alimkumbatia yule samaki, jamani, kama mtoto mchanga. Nikasema moyoni, angalau kaka yangu anakumbuka.

Ijumaa, 6 Juni

Nilikuwa sokoni kutafuta vitunguu. Mama Ekai, anayeuza samaki wa ziwani, akanisalimia kwa Kiturkana. "Ejok, mama fundi! Wewe ni ndugu ya Mama Jebet? Mwambie samaki yake ya kila wiki iko tayari. Nimemwekea mkubwa."

Nikasimama na vitunguu vyangu. Kila wiki? Kila wiki samaki wa "Baba" ametoka hapa, kwenye karai hili, hatua chache kutoka nyumbani.

Nilichukua bodaboda hadi Kalobeyei, nimejaa. Sikujua nimejaa nini, hasira au aibu. Rael alikuwa dukani anamwonyesha mteja jinsi ya kuwasha taa. Aliponiona akaangalia saa, na safari hii nikaelewa kwamba hutazama saa kwa sababu kuna gari la jioni asilotaka kulikosa, la kumrudisha kwa watoto.

Mteja alipoondoka nikamwambia, "Mulamwa, nimetoka kwa Mama Ekai." Mulamwa ndilo neno letu la wifi, na sikuwa nimemwita hivyo tangu Januari.

Akakaa kwenye boksi la betri. "Sasa unajua."

"Kwa nini?"

"Yeye hatumi. Si mbaya, hajui tu atume nini. Jebet alikuwa anauliza kila siku. Ningefanya aje?" Akafuta vumbi kwenye taa ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi nilitaka tuwaambie Januari. Tukae chini, tuseme. Wandera akalia. Mwanaume analia mbele yako, mulamwa, utamfanyia nini? Nikaahidi nitanyamaza."

"Na mimi nimekuwa nikikusema soko zima!"

"Nimesikia." Alicheka kidogo. "Unanisema kwa sauti kubwa. Mpaka Kalobeyei inafika."

Nilimuuliza nini hasa kilitokea, maana kwa Wandera sikuwahi kupata jibu. Akasema hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyepigwa. Kaka yangu alikaa Lokitaung kikazi miaka mingi, akija mwisho wa mwezi. Yeye akajifunza kulea, kuuza, kutengeneza mlango ukiharibika. Wandera alipopata kazi ya Kakuma na kurudi nyumbani, kila mmoja alikuwa na njia yake ya kila kitu. Walizozana, wakanyamaza, na kunyamaza kukawa kubaya kuliko kuzozana. "Tulijaribu miaka mitatu," alisema. "Mimi bado namheshimu. Lakini kuishi naye siwezi, na yeye hawezi."

Niliona haya. Nilimwambia hivyo, wazi. Akaninunulia soda.

Lakini ahadi yake ya kunyamaza hakutaka kuivunja, nami sikumsukuma. Leo naandika hivyo na najua nilikosea.

Jumatatu, 16 Juni

Upepo wa vumbi. Kila nguo nyeupe imekuwa ya kahawia.

Jumatatu, 23 Juni

Mike amekuja na koti la baba yake, lile la kijivu aliloliacha kabatini. "Senge, punguza mikono na mabega. Lakini likae vizuri kabisa."

"La nini?"

"Kuna mahali naenda kuongea mbele ya watu."

Nikajua ni mdahalo wa shule. Nilifurahi, nikamsimamisha nikampima. Jebet alinishikia pini akicheka peke yake, na kila nikimwuliza anacheka nini anamtazama kaka yake na kufunga mdomo. Niliifanya kazi hiyo vizuri kuliko suti zote nilizoshonea maarusi wa mji huu. Alipolivaa, alisimama kama Wandera akiwa kijana, na nikasema, "Ukiongea hivyo hakuna atakayekukatalia." Akaniamini.

Ijumaa, 27 Juni

Ni likizo fupi ya katikati ya muhula. Asubuhi Mike alimwambia mama yake anakwenda kusoma kwa rafiki.

Karibu adhuhuri Jebet alikuja kibandani. Hakuketi. Akashika mkasi, akauweka. Akashika uzi, akauweka. Nikamwambia, sema au utoke, utaniharibia kazi. Akaanza kulia.

"Mike ameenda Lodwar. Ameenda kwa bosi wa Baba."

"Kufanya nini?"

"Kumwombea Baba arudishwe. Kuna msichana darasa letu, baba yake alipelekwa Lokichar, mamake akaenda kuongea na bosi, akarudishwa. Mama anasema yeye hana nafasi ya kwenda. So Mike akasema ataenda. Tumepanga tangu ule wakati wa mvua."

Niliangalia mikono yangu. Hii mikono ndiyo iliyolipunguza lile koti.

Nikampigia Wandera, haikushika. Nikapiga tena na tena. Hatimaye akapiga yeye, na sauti yake sikuitambua. Yote ninayoyajua kuhusu asubuhi hiyo nilielezwa na kaka yangu, naye alielezwa na mkuu wake, Bwana Esekon.

Mike alifika ofisini mapema akaketi kwenye benchi, ndani ya koti, katika joto la Lodwar. Wafanyakazi walimwuliza anamtaka nani, akasema mkuu. Jasho lilimtiririka lakini koti hakulivua. Esekon ni mtu wa watu, akamwingiza. Mike akasimama wima na kueleza, kwa Kiingereza cha shule, alichokuwa amekikariri: kwamba baba yake amelitumikia jimbo vizuri, kwamba nyumbani kuna msichana anayelia jioni na mama anayechoka, na kwamba kama ni lazima mtu ahamishwe, basi wamtafute asiye na watoto. Aliomba kwa unyenyekevu baba yake arudishwe Kakuma.

Esekon hakujua chochote kuhusu uongo wetu. Kwa nini angejua? Alimjibu alivyojua. "Kijana yangu, sisi hatukuhamisha baba yako. Yeye mwenyewe aliomba kuja hapa, wakati mambo yake na mama yenu ilikuwa kortini. Nilifikiria nyinyi mnajua."

Mike alimshukuru, akampa mkono na kutoka. Esekon alipofikia mlango akimwita, hakumkuta.

"Niko steji ya magari namtafuta," Wandera aliniambia, na akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilimwambia aendelee kutafuta, nikampigia Rael, akafunga duka akaja mbio. Tukakaa watatu, mimi, yeye na Jebet, na hakuna aliyegusa chai. Apajok aliacha kudarizi, na hilo sijawahi kuliona.

Mike alikuja alasiri, kwa miguu kutoka steji. Alimpita mama yake bila kumwangalia. Akaja moja kwa moja mbele ya cherehani yangu.

"Senge, ulijua?"

Nilitamani kusema nilijua juzi tu. Nilitamani kusema baba yako aliniomba. "Nilijua," nikasema.

"Siku ya Lam? Ulijua?"

"Nilijua."

Akavua koti polepole, akalilaza juu ya cherehani. Shati lilikuwa limelowa mgongo mzima. "Rudisha vile ilikuwa," akasema.

Rael alinyanyuka akamshika mkono, akamwita jina lake. Mike akautoa mkono taratibu, si kwa ukali, na hilo lilimuumiza mama zaidi. Ndipo Jebet, ambaye tulikuwa tumemsahau, akauliza kutoka pembeni: "Ni juu yangu? Mlikuwa mnagombana juu ya mimi kwenda bweni Kitale. Nilisikia. Ningeenda. Mngeniambia tu, ningeenda."

Tangu Januari mtoto huyu anacheka na kuongea kwa niaba ya wawili, na kumbe amebeba mzigo huo. Rael alipiga magoti mbele yake, palepale penye vipande vya vitambaa, akamwambia si wewe, si wewe, si wewe. Sijui kama Jebet aliamini. Neno la mtu mmoja tu, baada ya miezi ya uongo, lina uzito gani?

Jumapili, 29 Juni

Mike yuko kwangu, hataki kulala kwao. Anakula, hivyo hatafariki. Haongei.

Jumatatu, 30 Juni

Shule zimerudi, Mike hakwenda. Nilifikiri ni hasira kwa wazazi. Nikamwambia, usiharibu masomo yako kwa ajili yao. Akanijibu maneno mengi kuliko yote tangu Ijumaa.

"Si wao, Senge. Ni Lam. Alisema ukweli, nikamchapa, halafu yeye ndio akaniomba msamaha. Mbele ya mwalimu. Nitamwangalia aje kwa macho? Sirudi hiyo shule."

Jumatano, 2 Julai

Bado hajaenda. Anazungumzia kuacha shule kabisa na kuendesha bodaboda.

Leo hasira zangu zimepata kazi ya maana. Nilimpigia Rael kwanza. Nikamwambia, "Ile ahadi yako ilikufa Ijumaa. Jumapili baada ya kanisa, hapa kwangu." Akasema sawa kabla sijamaliza. Kisha nikampigia Wandera.

"Dada, kwetu watoto hawaitwi kwenye kikao cha wakubwa."

"Kwetu pia mtoto hatumwi kwa bosi wa baba yake."

"Nitawaambia nini?"

"Ukweli. Na mtasema wote wawili, kitu kimoja, siku moja. Usiniambie kuna mvua."

Jumapili, 6 Julai

Wandera alifika kabla ya kanisa kwisha. Amekonda. Nilimkuta amesimama nje ya kibanda amefungwa tai, ameshika karatasi aliyoandika hotuba, kama anakwenda kuzindua kisima. Nikaichukua ile karatasi nikaitia mfukoni mwangu. Rael alipoingia, walisalimiana, "habari," "nzuri," kisha Rael akamwambia, "Keti hapa, hapo kuna jua." Nikajua wataweza.

Nilitaka kutoka. Jebet akasema, "Senge akae." Nikakaa mlangoni.

Wandera alianza kuzunguka, mambo ya kazi, mambo ya maisha. Rael akagonga meza kwa kidole. Wandera akaacha hayo, akaanza upya. "Mimi na Mama yenu tuliachana. Mahakama ilimaliza mwezi wa nne. Sikuhamishwa. Niliomba mwenyewe kuondoka Kakuma kwa sababu nilikuwa naona aibu kuwa hapa. Nikasema mambo ya uhamisho kwa sababu nilikuwa naogopa sura zenu. Mama yenu alitaka kuwaambia. Mimi ndio nilikataa."

"Na mimi nikakubali," Rael akasema. "Hilo ni langu."

Jebet akauliza tena lile swali lake, safari hii akimtazama baba. Wandera alivuta kiti hadi magoti yao yakagusana. "Tuligombana juu ya bweni, ni kweli. Tuligombana pia juu ya rangi ya mlango, na juu ya chumvi. Ungekuwa hujazaliwa tungegombana. Wewe na Mike ndio kitu ambacho mimi na Mama hatujawahi kubishania kama kilikuwa kizuri." Rael akaitikia kwa kichwa. Jebet alimtazama huyu, akamtazama yule, akiwapima kama wanashirikiana kumdanganya. Kisha akakilaza kichwa chake kwenye goti la baba yake na kulia kilio kirefu, na safari hii ilikuwa kazi ya baba kukinyamazisha.

Mike alikuwa amekaa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa. Hatimaye akasema, "So hakuna mtu."

"Mtu gani?" baba akauliza.

"Wa kuombwa. Nilifikiria kuna mtu ameshika kalamu mahali. Ukimwambia vizuri, anasaini, unarudi." Akameza mate. "Hakuna."

"Hakuna," Wandera akasema. "Siwezi kurudi, Mike. Samahani. Lakini kuja naweza. Kuja hakuna aliyenikataza, nilijikataza mwenyewe."

Walikaa hadi jua likazunguka kibanda. Si yote yaliyosemwa yalikuwa mazuri. Mike alimwambia baba yake mwoga, na Wandera akalipokea neno hilo. Alimwambia mama yake kwamba hataki tena samaki wa uongo, na Rael akapigwa na butwaa kwamba kijana alikuwa amejua. Nami niliambiwa vyangu. Nilisema samahani bila kuongeza "lakini," na kwa mdomo wangu huu hiyo ni kazi.

Walipokuwa wakiondoka Wandera akamwuliza Mike, "Kesho utaenda shule?" Mike akamweleza kuhusu Lam. Kaka yangu alisikiliza hadi mwisho, akafungua tai. "Nitalala hapa Kakuma," akasema. "Kesho tunaenda pamoja."

Jumatatu, 7 Julai

Nilikwenda nao, maana uongo ule niliusema mimi. Mwalimu Njenga alimwita Lam. Mbele yake Wandera alisema, "Kijana, ulisema kweli. Mimi ndiye nilimdanganya mtoto wangu, na wewe ukaumia. Nisamehe." Nikasema na mimi langu. Mike akasema lake mwisho, akiangalia viatu.

Lam alitutazama, watu wazima wawili na kijana mmoja tumejipanga, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetaka kukimbia. "Iko sawa," akasema. Kisha baada ya kufikiri: "Lakini ile ngumi iliuma."

Mike akacheka, bila kutaka. Lam akacheka. Mwalimu akawafukuza wakaenda darasani.

Jumapili, 13 Julai

Watoto walikwenda Lodwar mara ya kwanza. Haikwenda vizuri. Wandera aliunguza ugali, Jebet alitaka kurudi Jumamosi hiyo hiyo, Mike alishinda amelala. Rael aliniuliza kama tumekosea kuwaambia. Nikamwambia mtoto kulia kwa jambo analolijua si sawa na kulia kwa jambo asilolijua. Nilisema kwa uhakika mkubwa kuliko niliokuwa nao.

Jumamosi, 19 Julai

Wandera amekuja mwenyewe. Amewapeleka kula nyama. Hakuna aliyeuliza kuhusu barabara.

Alhamisi, 24 Julai

Mike amenichukia tena leo kwa sababu ndogo, kisha akaomba chapati. Nimempa.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule zimefungwa. Watoto wanakwenda Lodwar juma zima. Walikuwa kibandani na mikoba yao wakisubiri gari, Mike akibishana na Lam kuhusu mpira, Jebet akinisaidia kumpima mteja mgeni. Ni mwalimu aliyeletwa Kakuma juzi kutoka Bungoma, mama wa makamo, mchangamfu.

"Mnaenda wapi na mizigo?" akamwuliza Jebet.

"Lodwar. Kwa Baba."

"Ah, amehamishwa huko? Ndiyo kazi zetu hizi. Na wangu nimewaacha nyumbani na baba yao, wanajua tu Mama amehamishwa."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilitaka kuingilia, nigeuze mazungumzo, nimkinge mtoto kama nilivyozoea. Jebet alinitangulia.

"Hapana, Baba hakuhamishwa. Yeye na Mama waliachana. Ana nyumba yake huko, sisi tuna chumba."

Alisema bila kushusha sauti, huku akiendelea kunyoosha tepu. Yule mama alinitazama, nikadhani anangoja nimkemee mtoto. Kisha nikaona si hivyo. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka usoni. Alishusha mkono tuliokuwa tunaupima.

"Una miaka mingapi?" akauliza.

"Kumi na tatu."

"Wangu wa kwanza ana kumi na nne." Nje gari lilikuwa limefika, Mike anaita. Yule mama akamwinamia Jebet na kuuliza kwa sauti ya chini, "Nyinyi waliwaambiaje?"

Jebet alimwambia Mike wasubiri kidogo. Akavuta stuli, akakaa mbele yake, akaanza kumweleza. Nami nikatoa pini mdomoni nikaenda kumwomba dereva atuvumilie.